Uliza Fundi wa Ala: Nyuzi bapa za besi, nichukue nambari ipi?

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni kijana wa Langoni, Lamu. Napiga besi katika kikundi chetu cha taarab, kazi zetu nyingi ni za harusini. Gitaa langu lina nyuzi nne, umbo la Precision, nimerithi kwa ami yangu. Lina nyuzi za kawaida, zile zenye mikwaruzo, na pakiti iliyobaki mkobani imeandikwa 45–105. Mzee wetu wa udi analalamika kwamba kila nikihamisha mkono besi inapiga mluzi na kumkata mwimbaji. Amenishauri nitafute nyuzi bapa. Nimetafuta, nikakuta nambari chungu nzima: 40–100, 43–104, 45–100, 45–105, 50–105, 52–110. Zote ni bapa na zote ni za besi. Tena sisi nyuzi tunazifunga nusu sauti chini ya kawaida kwa ajili ya mwimbaji wetu. Pesa ninayo ya pakiti moja tu, na kuagiza kitu hadi kifike kisiwani wajua ilivyo. Nichukue ipi?
Mpiga besi, Langoni, Lamu

JIBU: Marahaba mwanangu. Mzee wako wa udi mpe salamu zangu, masikio yake yako sawa. Mluzi anaousikia unatoka kwenye uzi. Uzi wa kawaida wa besi una chuma cha ndani, kisha umezungushiwa waya wa mviringo toka mwanzo hadi mwisho. Pitisha ukucha juu yake utasikia matuta. Kidole kikiteleza juu ya matuta yale kinalia, amplifaya inaupokea mlio ule na kuutupa uwanjani, mara nyingi pale pale ambapo mwimbaji ameshusha sauti ili neno lake lisikike. Uzi bapa umezungushiwa utepe wa chuma badala ya waya. Tepe zimelala ubavu kwa ubavu, juu pamekuwa laini, ukipitisha ukucha husikii kitu. Basi mluzi unaondoka, na sauti yenyewe inageuka: msingi wa noti unajitokeza, mng'aro wa juu unapungua, na noti haiburuti mkia mrefu baada ya kuipiga.

Sasa nambari. Zile ni unene wa uzi kwa sehemu za elfu za inchi. 45 ni inchi 0.045, yaani milimita 1.14, na 105 ni milimita 2.67. Pakiti ikiandikwa 45–105, ya kwanza ni uzi wa G, ulio mwembamba, na ya mwisho ni uzi wa E. Lakini kinachochosha vidole, kinachopinda shingo ya gitaa, kinachoufanya uzi wa E usimame imara au utetemeke ovyo, ni mvuto. Na mvuto hauandikwi mbele ya pakiti. Wengine huuandika nyuma kwa herufi ndogo, wengine hawauandiki kabisa, na ndiyo maana vijana wengi wananunua kwa kubahatisha.

Mvuto unatokana na mambo matatu: uzito wa uzi, urefu wake kutoka juu ya shingo hadi darajani (pale nyuzi zinapokaa chini, mwilini mwa gitaa), na sauti uliyoukazia. Urefu wa gitaa lako, kama kweli ni umbo la Precision, ni inchi 34, sentimita 86 na kitu. Ndio urefu ambao Leo Fender aliutoa na besi yake ya kwanza mwaka 1951, na besi nyingi duniani zimeufuata mpaka leo. Kwa hivyo urefu hautusumbui. Linalotusumbua ni kule kushusha kwenu.

E ya kawaida hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde. Mkishusha nusu sauti inakuwa kama 39. Mtu atasema tofauti ya mbili tu, lakini mvuto hufuata mraba wa hesabu ile, kwa hivyo mnapoteza kama asilimia 11 ya mvuto katika kila uzi. Unene nao huenda kwa mraba. Kutoka 100 kwenda 105, ikiwa utengenezaji ni ule ule, unaongeza kama asilimia 10. Yaani ile tano iliyozidi inakurudishia karibu chote mlichopoteza kwa kushusha. Kikundi kinachoshusha sauti nzima hupoteza zaidi, kama asilimia 21, na hao nawaelekeza kwenye nyuzi nene zaidi bila kusita. Nyinyi mmeshuka nusu.

Liko jambo la pili, na hili ndilo huwashangaza watu wanaotoka kwenye nyuzi za kawaida. Nambari ikiwa ile ile, uzi bapa kwa kawaida ni mzito na mgumu zaidi. Ukikata uzi wa kawaida ukautazama kwa kioo cha kukuza, utaona kati ya mzunguko na mzunguko wa waya pana nafasi tupu. Kwenye uzi bapa nafasi zile zimejazwa na utepe, kwa hivyo ndani ya unene ule ule mna chuma zaidi. Kwa hivyo 45–105 uliyozoea na 45–105 ya bapa hazitakuwa sawa mkononi. Ya bapa itakaza zaidi.

Halafu wako wanaoivunja kanuni hiyo. Thomastik-Infeld wa Vienna wanatengeneza Jazz Flats za 43–56–70–100. Ukisoma ile 100 ya E utadhani ni uzi wa kushindana nao, kumbe ni kati ya nyuzi bapa laini kabisa zinazouzwa, zinanesa chini ya kidole. Mpigaji wa jazi mwenye mkono mwepesi huzipenda sana. Kwa harusi ya Lamu, uwanja umejaa, tari na dumbaki zimekolea, mwenye kupiga besi amepandwa na mori akaanza kuchapa kwa nguvu, uzi laini vile utagonga freti, vile vijiti vya chuma vya shingoni, na kupiga kelele. Nimezitaja ili ujue kwamba 100 ya kampuni hii si 100 ya kampuni ile.

Haya, jibu lako. Chukua za kampuni ya La Bella, 45–65–85–105. Sababu zangu ni hizi. Kwanza, mkishusha nusu sauti, ugumu wa ziada wa uzi bapa na ule mvuto mliopoteza vitakaribia kufutana, kwa hivyo mkono wako hautakutana na kitu kigeni sana. Utakaza kidogo kuliko ulivyozoea, na wiki chache zitaumaliza ugeni huo. Pili, pale juu kichwa cha gitaa kinapokutana na shingo pana kipande cha mfupa au plastiki chenye mifereji minne. Mifereji ya gitaa lako imezoea 45–105 tangu enzi za ami yako. Ukileta unene ule ule huhitaji kupiga tupa wala kutafuta fundi. Tatu, tazama nambari za katikati na si za pembeni tu: 45, 65, 85, 105 zinapanda kwa hatua sawa, ukitoka uzi huu kwenda ule mkono haushtuki.

Ukizikosa hizo, za D'Addario zinazoitwa Chromes ziko za 45–65–80–100 na za 50–70–85–105. Zinang'aa zaidi ya La Bella, hasa zikiwa mpya. Kwa mtu anayeshusha nusu sauti ningechukua 50–105, ila hapo G imepanda kutoka 45 hadi 50, na hiyo peke yake ni karibu robo ya mvuto juu ya ule wa 45. Shingo itahitaji kurekebishwa, nitakueleza. Zile 43–60–82–104 za La Bella ni nzuri kwa anayepiga bila kushusha na mwenye vidole vyepesi. Nazo 40–100 sikushauri, si kwa sauti mnayopigia.

Na 52–110? Najua kwa nini umeiona, na najua watu watakwambia nini. James Jamerson, yule mpiga besi wa kampuni ya rekodi ya Motown kule Detroit, alitumia La Bella za 52–110 kwenye Precision yake ya 1962, akipiga kwa kidole kimoja cha shahada, na alikuwa habadilishi uzi mpaka ukatike. Sauti yake ni ya kuheshimiwa na kila mtu anayeshika chombo hiki, na nakuomba umsikize kwa makini. Lakini 52 pale pa G, ukilinganisha na 45 ya utengenezaji ule ule, ni theluthi nzima ya mvuto imeongezeka. Hata 45–105 yenyewe, nyuzi nne kwa pamoja zinavuta shingo kwa zaidi ya kilo 70, mchana na usiku. Gitaa la urithi ambalo limekaa miaka katika hewa ya chumvi, sijaliona shingo yake, sitalipa mzigo huo. Kama siku moja utalileta Malindi nikalikagua nikaona chuma cha ndani ya shingo, kile kinachoizuia isipinde, bado kinageuka vizuri, tutazungumza.

Kabla sijafika kwenye kufunga, nataka niseme neno kuhusu kazi yenyewe ya besi katika taarab, kwa sababu nyuzi unazinunua kwa ajili ya kazi hiyo. Uzi mnene kabisa wa udi, kwa ufungaji ambao wengi wanautumia, unaangukia kati ya A na D ya besi yako. Hapo ndipo wewe na mzee wako mnapokutana, na hapo ndipo mnapogombana. Besi yenye nyuzi za waya ikipiga D ya juu juu huku udi unatembea chini, msikilizaji anasikia vurugu, hajui nani anasema nini. Uzi bapa unasaidia kwa sababu noti yake inakufa mapema, udi unapata pa kupita. Lakini na wewe saidia: kaa kwenye E na A, mwachie mzee D na G zako wakati wa taksimu, yaani anapopiga peke yake kwa kubuni. Mkiwa katika maqamu ya rasti au bayati, zile sauti za robo ambazo udi unazipata kwa kuwa hauna freti, wewe kwa freti zako huzipati. Usizikaribie. Shika sauti ya msingi na ya tano, ukae hapo. Watu wa Lamu wana masikio, huu ni mji uliomzaa Zein l'Abdin na udi wake, robo iliyokosewa wataisikia hata kama hawana jina la kuipa.

Na hii ndiyo sababu uzi wa E unanishughulisha zaidi ya mwingine wowote katika pakiti yako. Mpiga besi wa taarab usiku kucha yuko E na A. E ikiwa legevu, noti inaanza juu kidogo kisha inashuka, kila pigo. Ganuni iko pembeni imefungwa kwa uangalifu, kila mtu anahisi kuna kitu hakikukaa lakini hakuna anayejua ni nani. Ni E ya besi. 105 inaponya hilo.

Kufunga sasa. Badilisha uzi mmoja mmoja, usivue zote kwa pamoja, ili shingo isishtuke. Uzi mpya upitishe darajani, uvute hadi kwenye kigingi chake, kisha upime ziada ya kama sentimita kumi na mbili kupita kigingi. Pale unapotaka kukata, kwanza upinde uzi kwa pembe kali kabisa, ndipo ukate mbele ya lile pindo. Hili naomba ulishike. Utepe wa uzi bapa umebanwa kwenye chuma cha ndani kwa mvuto wake wenyewe. Ukikata kabla ya kupinda, utepe unaruka nyuma, unaregea, na uzi unakuwa umekufa kabla haujapiga noti moja. Hautoi sauti ya maana tena, na pesa yako imekwenda. Ncha iliyopindwa itumbukize katikati ya kigingi, kisha zungusha ukishuka chini, mizunguko miwili au mitatu. Utaona mwishoni uzi umefunikwa hariri ya rangi. Hariri hiyo iishie upande wa kichwa, isiingie kwenye mfereji wala isipande juu ya ubao wa freti.

Gitaa lako likiwa na matundu ya kupitisha nyuzi kutoka mgongoni, usiyatumie kwa nyuzi bapa. Pitisha nyuma ya daraja. Lile pindo la kutoka mgongoni ni kali mno kwa utepe.

Zikishafungwa zote na kukazwa kwenye sauti mnayopigia nyinyi, yaani nusu chini, ziache zilale usiku mmoja. Asubuhi tazama shingo. Bana uzi wa E kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na kwenye freti ya mwisho kwa mwingine, kisha tazama nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya saba au ya nane. Chukua kadi ya mwaliko wa harusi, huku hazikosekani. Ikipita pale kwa kugusa tu, umefika. Ikipita na nafasi ikabaki, shingo imevutwa mbele, kaza kile chuma cha ndani ya shingo kwa ufunguo wa Allen unaokifaa, ukigeuza kulia, robo ya mzunguko tu, kisha subiri na upime tena. Kikigoma, acha. Usikilazimishe, kikikatika shingo nzima imeharibika. Kadi isipopita kabisa na nyuzi zinagonga, regeza robo.

Mwisho kabisa ni pale freti ya 12. Gusa uzi kwa wepesi juu ya freti hiyo bila kuubana, upige, usikize ile sauti ya kengele. Kisha ubane hapo hapo upige tena. Hizo mbili ziwe sawa. Ya kubana ikiwa juu, sogeza kitalu cha uzi huo darajani, kile kipande kidogo uzi unachokalia, kirudi nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Uzi mnene husogea nyuma zaidi ya mwembamba, usishangae E ikiwa imerudi sana.

Siku za mwanzo zitakuwa na ukali kidogo, usizihukumu. Nyuzi bapa hupata sauti yake baada ya kupigwa, na za mwezi wa tatu ni nzuri kuliko za siku ya kwanza. Masika yakiingia pima tena kwa ile kadi, mbao za shingo hunywa unyevu zikajikunja, na kaskazi ikivuma kavu hurudi. Unapoagiza, Mombasa au Nairobi, sema wazi kwamba unataka za urefu wa inchi 34. Basi la abiria likishusha mzigo Mokowe, fungua pakiti usome kabla hujavuka.

SWALI: Fundi, habari za kazi. Napiga besi kanisani hapa Malindi. Mikono yangu ni midogo, nikanunua gitaa la shingo fupi. Nimepima kutoka juu hadi darajani, ni inchi 30. Ndugu mmoja wa bendi ya hotelini alinipa nyuzi zake bapa za 45–100 ambazo alizitoa kwenye besi yake kubwa. E inaregea kiasi kwamba nikiipiga inagusa freti, na kule kwenye kigingi imefunuka utepe. Tatizo ni gitaa au ni nyuzi?
Dada wa kwaya, Malindi

JIBU: Dada yangu, gitaa lako halina kosa. Nyuzi hizo zilikatwa kwa ajili ya inchi 34. Ukiuweka uzi ule ule kwenye inchi 30 na kuukaza kwenye sauti ile ile, unabakiwa na asilimia 78 tu ya mvuto. Zaidi ya moja ya tano imepotea, ndiyo maana E yako inayumba. Na kule kufunuka ni kwa sababu sehemu nene ya uzi imefika kwenye kigingi. Katika besi ndefu, pale kwenye kigingi ingekuwa imefika ile sehemu ya mwisho yenye hariri, ambayo imefanywa nyembamba ili ipindike. Kwako imebaki nje, ukalazimika kuupinda utepe wenyewe. Hauvumilii hilo.

Nunua nyuzi bapa zilizoandikwa kwamba ni za shingo fupi, hilo halina mjadala. Ama unene, anza na 45–105, na kama unapiga kwa nguvu nenda 50–105. Ukifuata hesabu tupu, kupata mvuto wa besi ndefu ya 45–105 ungehitaji karibu 51 pale pa G na 119 pale pa E, lakini huko hatuendi, mifereji haitazipokea na mikono yako itakuchukia. Shingo fupi ina ulaini wake na ni sehemu ya uzuri wake. Besi ya Höfner ya Paul McCartney wa Beatles ni ya inchi 30, na nyuzi bapa zimeimba juu yake nyimbo ambazo dunia nzima inazijua.

Piga karibu na daraja kidogo kuliko ulivyozoea, kwa ncha ya kidole. Kwenye shingo fupi hilo linaifanya noti isimame. Na G yako ikionekana dhaifu mbele ya E, geuza skrubu ya pikapu (kile kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi) upande wa G uiinue kidogo ikaribie uzi. Nusu mzunguko, sikiza, kisha nusu nyingine.

SWALI: Mambo fundi. Niko Watamu, bendi yetu inapiga kila kitu hotelini: bango, rumba, rege, na wageni wakitaka nyimbo za kuchapa kwa dole gumba pia tunapiga. Nina besi moja tu. Nyuzi bapa zitanifaa au ni za wazee wa taarab?
Kijana wa Watamu

JIBU: Poa kijana. Rege na rumba zitakupendeza kuliko ulivyotarajia, na bango, ambayo imekaa karibu na taarab na nyimbo za Wamijikenda, ndiyo nyumbani kwake. Za wazee peke yao si kweli: Steve Harris wa Iron Maiden anapiga roki nzito kabisa kwa nyuzi bapa za Rotosound za 50–75–95–110, zenye jina lake kwenye pakiti.

Kinachobaki ni kule kuchapa kwa dole gumba. Uzi bapa hauna ule mlio wa chuma ambao mtindo huo unautaka, na hakuna nambari itakayokupa. Kama nyimbo hizo ni moja mbili usiku, chukua Chromes za 45–100, zina mwanga zaidi, na utaishi. Kama ni nusu ya usiku, baki na nyuzi zako za waya mpaka upate besi ya pili. Sitaki uingie gharama hii kisha uchukie kitu kizuri kwa sababu kimewekwa mahali si pake.

SWALI: Fundi, mimi niko Faza. Nyuzi zangu bapa ni za miaka, zimekuwa nyeusi nyeusi. Mwenzangu anasema nizichemshe, mwingine anasema nizipake mafuta ya nazi kwa sababu ya chumvi ya bahari. Nimsikize nani?
Mpiga besi, Faza

JIBU: Usimsikize yeyote kati yao, kaka, ingawa wote wanakutakia mema. Kuchemsha ni desturi ya wenye nyuzi za waya: maji moto hutoa uchafu uliokaa kati ya matuta na sauti hurudi kwa siku chache. Uzi bapa hauna matuta. Maji yatapenya chini ya utepe, yatakaa juu ya chuma cha ndani, na hapo ndipo kutu itakapoanza, ndani usikokuona. Utepe wenyewe katika nyuzi nyingi bapa ni chuma kisichoshika kutu, ndiyo maana zinadumu katika hewa yetu kuliko nyuzi nyingine yoyote ninayoijua. Mafuta ya nazi nayo huganda, hukamata vumbi, na huloweka hariri ya mwishoni.

Kipande cha leso kuukuu, kilicho kikavu, kinatosha. Ukimaliza kupiga, bana kila uzi kwa leso kati ya kidole gumba na cha shahada, vuta kutoka darajani hadi juu, na ufute na upande wa chini unaotazama ubao. Jasho la mkono ni chumvi kama ya bahari, tena liko karibu zaidi. Gitaa lilale mkobani, si ukutani penye dirisha la baharini.

Na weusi ule usikusumbue, hauiharibu sauti. Za kukusumbua ni hizi: uzi ambao freti ya 12 haikubali kukaa sawa hata ukisogeza kitalu mpaka mwisho, uzi ambao umenyamaza huku wenzake wanasema, na uzi ambao utepe wake umefunuka ukashika kidole. Ukiona mmoja umefika hapo, nunua huo mmoja peke yake, kampuni ile ile na nambari ile ile, wale watatu uwaache walipo. Utasikia uko mbele ya wenzake kwa ukali mwezi mmoja au miwili, kisha utakaa nao.